Mama, Uulizwe Wewe Mwenyewe
Maneno juu ya kupasuliwa wakati wa kuzaa

Mama musomaji, somo hili ni lako wewe mwenye mimba, na wewe mama muzee ambaye binti yako ameolewa na atazaa karibuni. Baba, usome nawe, kwa sababu maneno mengine ndani yake ni yako. Kama kuna mutu nyumbani asiyejua kusoma, musomee kwa sauti, polepole.

Wanawake wengi huzaa wenyewe bila kupasuliwa. Lakini mara nyingine njia inakataa. Mutoto amelala kwa kukingama, au kichwa chake ni kikubwa kupita mifupa ya kiuno cha mama, au nyumba ya mutoto imekaa chini na kuziba mulango, na damu inaanza kutoka. Mara nyingine mama anapata degedege ya mimba, au moyo wa mutoto unaanza kuchoka. Wakati ule munganga hupasua tumbo na kumutoa mutoto kwa juu. Kazi hii ni njema. Watoto wengi wanaocheza katika vijiji vyetu wasingekuwa hapa bila kazi hii, na mama zao vilevile. Hatuandiki ili muogope kisu.

Tunaandika juu ya jambo linalotangulia kisu. Kabla ya kupasua, mutu anapaswa kusema "ndiyo". Ni nani huyu? Aseme wakati gani? Na ndiyo yake iwe ya namna gani? Wengi hawajajiuliza maneno haya, na wengine wamepata hasara isiyoweza kutengenezwa tena.

KARATASI NA NDIYO SI KITU KIMOJA

Katika hospitali kuna karatasi ya kukubali kupasuliwa. Mama anatia mukono juu yake, au kama hajui kuandika anatia kidole. Watu hufikiri ya kwamba karatasi ikiisha kutiwa kidole, neno limekwisha.

Fikiri hivi. Mutu anakuletea karatasi, anasema ni ya kodi ya soko. Unatia kidole. Kisha mwezi mumoja unakuta watu wageni wanalima katika shamba lako. Wanasema: "Umeliuza, kidole chako ni hiki." Je, umeuza shamba? Kidole ni chako kweli, lakini wewe hukuuza kitu, maana hukujua kinachouzwa. Watu wote wa kijiji watasema umedanganywa. Kama ni hivyo kwa shamba, itakuwa namna gani kwa tumbo lako la uzazi?

Kukubali kunakohesabiwa ni kukubali kwa kujua. Unapaswa kujua ugonjwa au shida iliyoonekana. Unapaswa kujua kitu ambacho munganga anataka kufanya, mahali atakapokata, na kama kuna kitu atakachofunga au kuondoa. Tena ujue faida yake na hatari yake. Kupasuliwa tumbo kuna hatari: damu kutoka nyingi, usaha katika kidonda, dawa ya kulaza kumuletea mutu shida ya kupumua, na kovu litakalobaki katika tumbo la uzazi kwa mimba zinazofuata. Munganga asiyetaja hatari hata moja hajakueleza. Halafu ujue kama kuna njia nyingine, na kitu kitakachotokea usipofanyiwa lolote.

Na ndiyo yako iwe huru. Kama umeambiwa: "Usipokubali tutakufukuza", au "Usipotia kidole hatutamutunza mutoto", maneno yale ni nguvu, na ndiyo iliyotolewa kwa nguvu ni ya yule aliyetumia nguvu.

Wauguzi wanapenda kuuliza, "Mama, umesikia?" Na mama anajibu, "Ndiyo, nimesikia." Kila mutu hujibu hivyo, hata asiyesikia neno moja, kwa sababu ya haya. Kuna njia iliyo bora. Munganga akimaliza kusema, mama arudishe maneno kwa midomo yake mwenyewe. Kwa mufano hivi:

"Mama, niambie sasa, kesho tutakufanyia nini?"

"Munganga, mumesema mutoto amekaa vibaya, mutanipasua hapa chini ya kitovu na kumutoa. Mutanichoma sindano ya mugongo, nitakuwa macho lakini sitasikia maumivu."

"Na mimba nyingine?"

"Kwa ile, hamujaniambia."

Basi, sasa munganga anajua kipande alichosahau. Maneno haya yote hayakumaliza dakika tano.

Kuna shida ya lugha pia. Wanganga wetu wanasoma kwa Kifaransa, na mama anaota ndoto kwa Kinande, au Mashi, au Kilendu. Usiogope kusema: "Kiswahili hiki ni kigumu kwangu, muniitie mutu wa lugha yetu." Lakini mutu wa kutafsiri asiwe mutoto wako. Binti wa miaka 12 atawezaje kumuelezea mama yake habari za tumbo la uzazi? Ataruka maneno kwa haya. Ni vizuri awe muuguzi mwanamuke, au mufanyakazi mwingine wa hospitali anayejua kufunga kinywa chake.

JAMBO LILILOTOKEA NAMIBIA

Katika inchi ya Namibia, kusini mwa Afrika, wanawake watatu walikwenda mbele ya waamuzi. Wote watatu walikuwa na virusi vya ukimwi. Kati ya mwaka wa 2005 na 2007 walikwenda kuzaa katika hospitali za serikali, wakapasuliwa tumbo, watoto wakatolewa. Katika mapasuo yale mirija yao ya uzazi ilifungwa pia. Mirija ya uzazi ni njia mbili nyembamba ambamo yai la mwanamuke hupita; ikifungwa, mwanamuke hazai tena.

Serikali ilijitetea kwa kusema: "Karatasi ziko, walitia mukono." Ni kweli, karatasi zilikuwapo. Lakini karatasi zile zilitiwa mukono namna gani? Mama analala kitandani, uchungu umemushika, jasho linatoka, na muuguzi anamuletea kalamu. Mutu aliye katika hali ile atatia mukono kwenye karatasi yoyote, hata ya kuuza nyumba ya baba yake, mradi maumivu yaishe. Zaidi ya hayo, kazi ya kufunga mirija iliandikwa kwa herufi za kifupi ambazo wanganga wanazijua wao wenyewe.

Mwaka wa 2012 mahakama ilihukumu ya kwamba wanawake wale hawakukubali kwa kujua. Serikali ilipeleka neno mbele ya Mahakama Kuu ya inchi, nayo ikathibitisha mwaka wa 2014. Waamuzi walionyesha ya kwamba kutia mukono peke yake hakutoshi, na ya kwamba shauri la kufungwa uzazi ni la mwanamuke mwenyewe, si la munganga, hata kama munganga anafikiri anamusaidia.

Ninataka wauguzi wetu wafikiri sana juu ya habari hii, kwa sababu hakuna hata mumoja katika ile hospitali aliyesema, "Leo nitamuonea mwanamuke." Walifanya kazi kwa haraka, kama desturi ilivyokuwa.

KUPASUA NI NENO MOJA, KUFUNGA NI NENO LINGINE

Mama, ushike tofauti hii, maana ndiyo kubwa katika somo letu.

Kupasuliwa ili mutoto atoke kunaweza kuwa kazi ya haraka. Kufunga mirija si kazi ya haraka hata siku moja. Hakuna mama anayekufa usiku huu kwa sababu mirija yake haikufungwa usiku huu. Hata kama munganga anaona ya kwamba mimba nyingine itakuwa hatari kwako, hatari ile iko mbele, itakuja na mimba, na kuna siku nyingi za kuzungumza katikati. Basi asiwepo mutu wa kukuletea neno la kufunga wakati uchungu umekushika. Mwaka wa 2011 chama cha dunia cha wanganga wa uzazi, kinachoitwa FIGO, kilitoa mashauri juu ya neno hili. Kilisema mambo haya: kufunga uzazi si kazi ya haraka, mwanamuke asiulizwe katika saa ya unyonge wake, na ndiyo ya mwanamuke mwenyewe ndiyo inayotakiwa. Mwaka wa 2014 shirika la afya la dunia pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitoa andiko la kukataza kuwafunga watu bila wao kukubali.

Tuseme kuna mama wa watoto saba. Amepasuliwa mara ya tatu. Munganga anaona tumbo la uzazi limechoka, kovu limekuwa jembamba kama karatasi. Muuguzi anasema, "Tumufunge, maskini, atakufa." Tunajua wauguzi wanaosema hivi wana moyo wa huruma. Hata hivyo ni vibaya. Kama hamukumuuliza kabla, mushone tumbo, na akiamka mumuambie kweli yote: kovu liko namna gani, hatari ni ipi, njia zipi zipo. Kuna sindano, kuna kitanzi, kuna kipandikizi cha mukononi kinachozuia mimba kwa muda wa miaka 3 mupaka 5. Kama yeye mwenyewe anataka kufungwa, inaweza kufanywa baadaye kwa kidonda kidogo tu.

Na kuna upande wa pili ambao watu wanausahau. Mama anataka kufungwa. Amefikiri tangu mimba ilipoingia, amezungumza na bwana yake, anajua. Halafu munganga anakataa akisema, "Wewe ungali kijana, una watoto watatu tu." Huyu pia hakuulizwa vizuri. Munganga anaweza kumushauri angoje, lakini hawezi kuhesabu watoto kwa niaba yake.

Wewe unayetaka kufungwa, useme mapema, siku za kupimwa mimba, ili iandikwe katika kadi yako. Ujue mambo haya. Kufungwa ni kwa siku zote. Kufungua tena ni kazi ngumu, na mara nyingi haiwezekani katika inchi yetu. Hakuondoi damu ya mwezi, wala hakudhoofishi mwili, wala hakuharibu mambo ya ndoa. Wala si ukuta kamili: kati ya wanawake 1000 waliofungwa, karibu 5 hupata mimba katika mwaka wa kwanza. Na kama umesema ndiyo leo, unaweza kusema hapana kesho, hata mulangoni mwa chumba cha mapasuo.

"LAKINI MUNGANGA AMESOMA"

Pengine utasema: "Mimi ni mama wa shamba. Munganga amesoma miaka mingi. Afanye anavyoona." Maneno haya tunayasikia kila siku, na yanaonekana kuwa ya adabu.

Katika Scotland kulikuwa na mama anayeitwa Nadine Montgomery. Yeye mwenyewe alikuwa mutu aliyesoma, na mama yake alikuwa munganga. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mwili wake ulikuwa mufupi. Watoto wa wanawake wenye sukari mara nyingi huwa wakubwa, na kichwa kinaweza kutoka na mabega kukwama ndani. Kwa wanawake kama yeye, jambo hili hutokea kwa 9 au 10 kati ya 100. Munganga wake alijua. Hakumuambia, kwa sababu alifikiri ya kwamba madhara makubwa kwa mutoto ni machache, na ya kwamba wanawake wakiambiwa wote watataka kupasuliwa. Mwaka wa 1999 mutoto alizaliwa. Mabega yalikwama kwa muda wa dakika 12. Ubongo wa mutoto ulikosa pumzi, na mukono wake ukalemaa.

Mama aliwaambia waamuzi: kama ningalijua, ningaliomba kupasuliwa. Mashauri yalichukua miaka mingi. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu ya Uingereza ikakubaliana naye. Ikasema ya kwamba munganga anapaswa kumuambia mugonjwa kila hatari ambayo mutu aliye katika hali yake angeihesabu kuwa kubwa. Haitoshi kwamba wanganga wenzake wamezoea kunyamaza.

Angalia vizuri. Munganga yule alijua mambo ya mifupa na sukari kuliko mama. Lakini hakujua jambo ambalo mama peke yake alilijua: ni hatari gani yuko tayari kuibeba, kwa ajili ya kitu gani. Elimu ile haisomwi katika chuo cha wanganga. Kwa hiyo mashauri ni ya watu wawili.

BWANA, NA MAMA-MUKWE, NA JAMAA YOTE

Sasa tufike mahali pagumu. Katika vijiji vyetu mwanamuke akiambiwa apasuliwe, husema, "Mungoje bwana yangu." Bwana yuko katika machimbo ya zahabu, au amekwenda kuuza muhogo, simu yake haipatikani. Mama-mukwe anasema, "Katika ukoo wetu hatukupasuliwa." Shangazi anauliza ni nani atakayelipa. Na mutoto amekwama njiani.

Uchungu wa siku mbili na mutoto asiyepita huleta mambo mawili. La kwanza, tumbo la uzazi linaweza kupasuka, damu inamwagika ndani, mama anakufa na mutoto wake. La pili, kichwa cha mutoto kinabana nyama za ndani juu ya mifupa mupaka nyama zile zinaoza. Kunabaki tundu, na mukojo unavuja muchana na usiku. Ugonjwa huu unaitwa fistula. Mutoto mara nyingi amekwisha kufa, na mama anakimbiwa na watu kwa sababu ya harufu. Kuna wanganga wanaojua kuliziba tundu lile, kama vile katika hospitali ya Panzi kule Bukavu. Lakini wagonjwa wengi wanaolala kule wasingaliugua kama wangalipasuliwa kwa wakati.

Sheria inasema nini? Kitabu cha sheria za jamaa cha mwaka wa 1987 kilimutaka muke aliyeolewa aombe ruhusa ya bwana yake kwa mapatano mengi ya kisheria. Wengi wakazoea kufikiri ya kwamba hata mwili wake hawezi kuusemea. Sheria ile ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016, na ruhusa ile ya bwana ikaondolewa. Halafu sheria ya afya ya tarehe 13 Desemba 2018 ilisema neno juu ya njia za kupanga uzazi: bwana na muke wote wawili waulizwe na wakubali kwa kujua, lakini kama hawapatani juu ya njia, shauri la yule ambaye mwili wake unahusika ndilo linalosimama. Muuguzi anayemurudisha mama nyumbani kwa sababu hana karatasi ya bwana anafuata mazoea ya zamani, si sheria ya leo.

Baba, usikasirike. Hatusemi ya kwamba wewe si kitu. Mama anayezungumza na bwana yake ana nguvu kuliko anayeogopa peke yake, na akilala katika kitanda cha hospitali ni wewe utakayetafuta sabuni, kuni, damu na franga. Lakini tumbo litakalokatwa si lako. Ndiyo ya mwanamuke mwenye akili timamu inatosha kumupeleka katika chumba cha mapasuo, na hapana yako haitoshi kumuzuia.

Njia nzuri ni kuzungumza mapema. Mimba ikifika mwezi wa saba, mukae chini jioni moja, wewe na muke wako. Muulizane: kama njia inakataa, tutafanyaje? Pikipiki ya nani? Nani ana damu inayofanana? Nani atabaki na watoto? Baba, useme mbele ya mama yako muzazi: "Kama wanganga wakiona ni lazima, na yeye akikubali, asingoje mimi." Sentensi hii moja imefungua milango mingi. Ukiisha kuisema, hakuna mutu wa jamaa atakayemutukana muke wako kwamba alikwenda kupasuliwa kwa kichwa kigumu.

WAKATI WA HARAKA

Wauguzi wengine wanatuambia: "Maneno haya ni ya siku za amani. Usiku wa manane, mama anatoka damu, nani ana nafasi ya kueleza?"

Tunawajibu. Sentensi tatu zinaenea katika muda wa kusukuma kitanda kutoka materinite mupaka chumba cha mapasuo: "Mama, nyumba ya mutoto imeachana kabla ya wakati. Tusipokupasua sasa mutoto atakufa, na wewe unaweza kufa. Unakubali?" Mama anatikisa kichwa. Hii ni ndiyo, na ni ndiyo ya kujua.

Kama mama amezimia, hawezi kusema, munganga afanye kazi ya kumuokoa. Hapa hatungoji mutu. Lakini afanye ile tu inayookoa. Akikuta tumbo la uzazi limepasuka na haliwezi kushonwa, na damu haisimami, anaweza kuliondoa, kwa maana mama atakufa. Asiongeze kazi nyingine juu yake eti kwa sababu tumbo limekwisha kufunguka.

Na mama akiamka, aambiwe. Neno hili linatusumbua kuliko mengine. Kuna wanawake walioondolewa tumbo la uzazi wakarudi nyumbani bila kujua. Wengine waliambiwa mabwana zao tu. Mwanamuke kama huyu anangoja mimba mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Anauza mbuzi kununua dawa za miti. Anahesabiwa kuwa mulozi au kwamba amelogwa. Bwana anaoa mwingine. Na wakati wote ule, katika kabati ya hospitali kuna kitabu kinachosema waziwazi kitu kilichofanyika. Mutu aliyemuokoa alimunyima maneno mawili. Ni vigumu kumuambia mwanamuke habari ile, tunajua. Akae na wewe mutu anayempenda, mufunge mulango, museme polepole. Lakini aambiwe yeye, na aambiwe kabla ya kutoka.

KAMA MAMA ANAKATAA

Mara nyingine munganga ameeleza vizuri, na mama anasema hapana. Hapa munganga anajaribiwa kukasirika. Asikasirike, auulize moyo wa mama. Mara nyingi nyuma ya hapana kuna kitu kingine: deni la hospitali, au dada yake aliyefia katika chumba kile, au masengenyo ya kisimani kwamba aliyepasuliwa si mwanamuke kamili. Ukijua kitu kile unaweza kukijibu. Kwa deni, mutu wa kasa aitwe pale pale. Kwa masengenyo, aletwe mama mwingine aliyepasuliwa mwaka jana, na mutoto wake mugongoni.

Kama bado anakataa, naye ana akili timamu na amesikia yote, hatumufungi kamba. Hatumuchomi dawa ya kulaza kwa hila. Tunabaki naye, tunamuzalisha kwa njia iliyopo kwa uwezo wetu wote, na tunaendelea kumuuliza, kwa sababu anaweza kugeuka kila saa. Munganga anayeona hivi vigumu hajakosa. Ni vigumu kweli. Lakini kumukata mutu anayesema hapana ni jambo ambalo hospitali yoyote haina ruhusa nalo.

Maneno haya yanafaa pia kwa mambo madogo. Muuguzi akitaka kuingiza vidole ili kupima njia ya mutoto, akuambie kwanza kwa nini. Kama kuna wanafunzi wanaotaka kutazama, waombe. Unaweza kukataa, na utunzaji wako hautapunguka. Pazia livutwe. Munganga mwanaume akikupima, unaweza kuomba muuguzi mwanamuke asimame karibu.

KABLA YA KUTOKA HOSPITALI

Umezaa, mutoto ananyonya, kidonda kinakauka. Usitoke bila kuuliza maneno haya, na uombe yaandikwe katika kadi yako kwa maneno kamili, si kwa herufi za kifupi.

Nilipasuliwa kwa sababu gani? Kama ni kwa sababu mutoto alikaa vibaya mara hii tu, pengine mimba nyingine utazaa mwenyewe. Kama ni kwa sababu mifupa ya kiuno ni midogo, utapasuliwa tena.

Tumbo la uzazi lilikatwa namna gani? Kovu la ngozi halionyeshi kovu la ndani. Kama ndani lilikatwa chini kwa kukingama, wanawake wengi wanaweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida. Kati ya 1000 wanaojaribu, karibu 5 kovu linaachana. Kama lilikatwa kwa urefu kwenda juu, hatari ni kubwa zaidi, na usijaribu. Kwa namna zote mbili, mimba nyingine usizalie nyumbani wala katika kituo kidogo kisicho na chumba cha mapasuo. Mama asiyeambiwa neno hili atazalia nyumbani, na kovu linaweza kuachana usiku, mbali na barabara.

Kuna kitu kilichofungwa au kuondolewa? Uliza hata kama unafikiri hakuna. Je, nilitiwa damu? Na ningoje muda gani kabla ya mimba nyingine? Ni vizuri kungoja miaka miwili kwanza, na kutafuta njia ya kungoja inayokufaa wewe.

Muuguzi akisema hana nafasi, ngoja kitini mupaka apate. Kadi ile uiweke mahali pakavu, ndani ya mufuko wa plastiki, pamoja na kadi ya chanjo ya mutoto. Siku ya kwanza ya kupimwa mimba nyingine, uibebe.